Pale Mstari Mnyoofu Unapoishia: Niliyojifunza Katika Bustani za Suzhou na Versailles

Ukitaka kuwasha mjadala kati ya wasanifu wa bustani, sema tu kwamba Wachina wanaipenda asili na Wazungu wanaitawala. Nimelisikia hilo darasani Nanjing, China, nikalisikia tena kazini Ufaransa, na hata hapa Dar es Salaam wateja hunieleza hivyo hivyo huku wakinionyesha picha kwenye simu. Lina ukweli kidogo. Lakini aliyewahi kushika mkasi wa kupogolea pande zote mbili anajua kwamba msonobari wa bustani ya Suzhou nao umekatwa, umefungwa waya na kupindishwa miaka na miaka, pengine kuliko mti wowote wa Versailles, bustani ya kifalme karibu na Paris. Tofauti ipo na ni kubwa. Ila mimi nimeikuta kwingine, na imenichukua muda kuielewa.

Nilikwenda China kwa ufadhili wa masomo. Mwalimu wetu wa usanifu, mzee mpole asiyependa kukaa ofisini, alikuwa na sharti moja: kabla ya kuchora ramani ya bustani yoyote, tuitembee, kisha tuandike tulichokiona kwa mfuatano ule ule tuliokiona. Kuichora kutoka juu, kama aionavyo ndege, kulikuja mwisho kabisa. Wenzangu wa Kichina hawakulishangaa hilo. Mimi nilitoka katika shughuli ambayo kila kitu huanza na karatasi, rula na vipimo vya kiwanja, na mwanzoni nilihisi kama nafundishwa kuandika hadithi badala ya usanifu.

Kutoka Nanjing hadi Suzhou kwa treni ya kasi ni mwendo wa saa moja na ushei. Bustani za huko hazipo nje ya mji kama mbuga. Zimo katikati ya mitaa, nyuma ya kuta nyeupe zenye vigae vya kijivu juu, na ukipita barabarani huwezi kujua kilichomo ndani. UNESCO iliziingiza nne katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, ikaongeza tano mwaka 2000. Mwalimu alituanzishia bustani ya Liu Yuan.

Mlangoni hapana cha kuona. Unaingia katika ujia mwembamba kati ya kuta mbili ndefu, mwanga hafifu. Unapinda kulia, unapinda kushoto, ghafla unakuta uwanja mdogo usio na paa, jiwe moja na mianzi michache, nuru ikimwagika kutoka juu, halafu ujia unajibana tena. Mkikutana watu wawili, mmoja inabidi asimame pembeni. Sauti zinashuka zenyewe. Mwisho wa ujia unafika kwenye ukuta wenye madirisha ya nakshi, kila moja na nakshi yake, na nyuma ya kila dirisha kuna kipande cha bwawa: tawi hapa, ncha ya paa pale, maji kidogo. Bado hujaingia, unaonjeshwa tu. Mpaka uuzunguke ule ukuta ndipo bwawa linafunguka mbele yako, nalo linaonekana kubwa ajabu, ingawa bustani nzima ni kama hekta 2.3.

Nilitafuta pa kusimama ili nipige picha moja itakayoionyesha bustani yote. Hapakuwa na mahali kama hapo. Kila ukisogea, kitu kimoja kinajificha na kingine kinajitokeza. Daraja linapinda bila sababu ya kihandisi, kwa kuwa maji yenyewe ni ya kina kifupi na ng'ambo ipo karibu. Linapinda ili ugeuze uso. Aliyelijenga aliwaza kuhusu shingo yako, atakapoielekeza na atakapoinyima. Bustani ya Zhuozheng Yuan, ambayo Wang Xianchen aliianza mwanzoni mwa karne ya 16 baada ya kuacha utumishi wa serikali, ni kubwa zaidi, zaidi ya hekta 5, lakini hata huko bwawa la kati limekatwakatwa na visiwa, vibanda na miti hivi kwamba unaipata bustani kwa vipande, na kila kipande kinadai muda wake.

Kuna kibanda kimoja humo ambacho nilikipenda kuliko vyote, upande wa magharibi, kando ya bwawa la yungiyungi. Kimepewa jina kutokana na ubeti wa Li Shangyin, mshairi wa karne ya 9, kuhusu kuyaacha majani makavu ya yungiyungi ili kusikiliza mvua. Kwa mtunza bustani wa Dar es Salaam, jani kavu ni la kutolewa asubuhi kabla mwenye nyumba hajaamka. Nilifika pale vuli moja mvua ikinyesha. Majani yalikuwa yamekunjamana, rangi ya kahawia, mengine yamevunjika shingo, na kila tone likianguka lilitoa mlio wake: kwenye jani kavu mlio mkali, kwenye jani bichi mzito, kwenye maji karibu hausikiki. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kumbe bustani inaweza kupangwa kwa ajili ya masikio, na kwa ajili ya msimu ambao kwa macho ni msimu wa uchafu.

Sasa niseme habari ya mawe, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapochoka. Suzhou ipo karibu na Ziwa Taihu, na mawe yanayothaminiwa zaidi ni ya chokaa yaliyoliwa na maji ya ziwa hilo mpaka yakatoboka. Wajuzi wa kale walitaka jiwe liwe jembamba, lenye mikunjo, lenye matundu, na linalopitisha nuru. Pale Liu Yuan limo moja la urefu wa mita 6.5, limesimamishwa wima peke yake kama mtu mashuhuri aliyealikwa. Mi Fu, mchoraji na mwandishi wa hati wa enzi ya Song, anakumbukwa kwa kuliinamia jiwe na kuliita kaka.

Niliwahi kuwatazama mafundi wakirudishia mawe yaliyolegea kwenye kilima cha bandia. Walikuwa na winchi, minyororo na vipande vya chuma vya kukazia. Lakini muda mwingi hawakuwa wakiinua chochote. Mkubwa wao alilizunguka jiwe, akaagiza ligeuzwe kidogo, akarudi nyuma, akachuchumaa, akaagiza ligeuzwe tena. Alikuwa anatafuta uso wake. Kila jiwe lina uso, alituambia, na ukiliweka kinyume litakaa limenuna milele. Halafu likiishapatikana, saruji inapakwa kwa rangi inayofanana na jiwe, kiungo kinafichwa, na ukija wiki ijayo utaapa kilima kile kimeota hapo chenyewe. Ji Cheng, msanifu wa enzi ya Ming aliyeandika mwongozo wa kazi hii mwaka 1631, alisema jambo hilo hilo: bustani imetengenezwa na mtu, lakini ionekane kana kwamba imefunguliwa na mbingu.

Kwa hiyo kazi ya mkono ipo, tena nyingi. Ila mkono unafichwa.

Ufaransa mkono unaonyeshwa. Baada ya masomo nilipata nafasi ya kufanya kazi na kampuni moja ya kutunza bustani za kale kusini mwa Paris. Siku ilianza na kamba na vigingi. Tulikuwa tunapunguza ua wa miti mirefu, na kabla mtu hajagusa mashine, msimamizi alivuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, akapiga magoti, akafumba jicho moja, akaangalia. Jani lililozidi kamba halikuwa na haki ya kuwepo. Nilipenda ile kazi na nasema hivyo bila kusita. Kuna furaha ya kweli katika kurudi nyuma hatua ishirini na kuona ukuta wa kijani umenyooka kama umepigwa pasi, na kila mpita njia akaona kwamba watu wamefanya kazi hapa.

Versailles nilikwenda siku ya mapumziko. Unapotoka kwenye kasri na kusimama juu ya ngazi, bustani yote inakupokea mara moja. Mbele ni bwawa la Latona, kisha njia pana ya nyasi, kisha bwawa la Apollo na farasi wake wakitoka majini, kisha mfereji mkuu wa urefu wa mita 1,670 unaokwenda mpaka macho yanapoishia. Huko mwisho kuna anga tu. André Le Nôtre aliyapanga haya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1660 kwa ajili ya Louis wa 14. Mahali pa kusimama pale nilipopatafuta Suzhou nikapakosa, hapa pamejengwa makusudi, tena palepale katikati. Mfalme mwenyewe aliandika maelekezo ya namna wageni wanavyopaswa kuionyeshwa bustani: watoke wapi, wasimame wapi, watazame nini.

Sijawahi kuwa mahali ambapo madaraka yanaonekana kwa macho namna ile. Bustani za Suzhou nazo huchukua vitu vya nje. Pale Zhuozheng Yuan, ukisimama upande wa mashariki wa bwawa, unaliona kwa mbali pagoda, yaani mnara wa ghorofa nyingi, la hekalu lililo zaidi ya kilomita moja kutoka hapo, limetoshea katikati ya miti kana kwamba ni mali ya bustani. Lakini limeazimwa. Mwenye bustani anajua si lake, mgeni anajua si lake, na uzuri wake ni huo. Versailles haiazimi. Inaendelea kunyoosha mkono mpaka kusibaki kitu cha kuazima.

Gharama yake ilikuwa ya kutisha. Mahali palikuwa na uhaba wa maji, hivyo mwaka 1684 ulikamilika mtambo wa Marly, wenye magurudumu 14 makubwa, wa kupandisha maji ya mto Seine. Hata hivyo hayakutosha chemchemi zote zirushe maji kwa pamoja muda wote. Mafundi walijificha wakapigiana miluzi mfalme akikaribia, ili chemchemi iliyo mbele yake ifunguliwe na aliyoipa kisogo ifungwe. Nikilifikiria hilo naona kiini cha mahali pale: maji yenyewe yanafuata alipo mtu mmoja.

Lakini msomaji asikimbilie kusema Mchina alikuwa mnyenyekevu na Mfaransa mwenye majivuno. Mfalme Huizong wa enzi ya Song alipenda mawe ya Taihu kiasi kwamba meli zilipakia mawe kutoka kusini kwenda mji mkuu Kaifeng, na madaraja yakabomolewa ili mizigo ipite. Hasira ya watu wa kusini ilichangia uasi wa Fang La mwaka 1120, na miaka saba baadaye Kaifeng ikaangukia mikononi mwa Wajurchen, wavamizi kutoka kaskazini, mfalme akachukuliwa mateka. Kwa masimulizi ya Suzhou, lile jiwe refu la Liu Yuan ni miongoni mwa yaliyokusanywa wakati ule yakakosa kusafirishwa. Kuipenda asili kunaweza kuwafilisi watu sawasawa na kuitawala.

Tena kuna hili ambalo linanisumbua hadi leo. Bustani ya Versailles, ya mfalme asiyegawana madaraka na mtu, iliruhusu raia waliovaa kiheshima kuingia. Bustani ya msomi wa Suzhou, iliyosheheni mashairi kuhusu wavuvi na wakulima, ilijengwa ndani ya ukuta kwa ajili ya mwenyewe, jamaa zake na rafiki zake. Wavuvi wa kweli walikaa nje.

Kilichonifungua macho kuhusu tofauti yenyewe ni mojawapo ya bustani ndogo kati ya zile maarufu za Suzhou, Wangshi Yuan, yenye eneo la kama nusu hekta. Umbo lake la sasa linatokana na karne ya 18. Watalii hukimbilia bwawani, na wana haki, maana pembeni ya bwawa kuna daraja la jiwe la hatua tatu tu, dogo kama la kuchezea watoto, na kwa udogo wake bwawa zima linaonekana ziwa. Lakini mwalimu alitupitisha kwanza upande wa mashariki, kwenye makazi. Hapo kila kitu kimenyooka: lango, ukumbi wa kuteremkia kwenye machela, ukumbi mkubwa wa kupokea wageni, kisha nyuma kabisa majumba ya wanawake, vyote kwenye mhimili mmoja. Viti vimepangwa kulia na kushoto kwa cheo na umri. Ungejua papo hapo ukae wapi na nani akutangulie. Halafu kuna mlango mdogo ukutani. Ukiuvuka, hakuna tena katikati, hakuna tena kulia na kushoto, njia inapinda, na mtu aliyekuwa baba mkwe, ofisa au mgeni wa heshima sasa anatembea tu.

Nilirudi kwenye ule mlango mara nyingi. Wachina hawaukwepi mstari mnyoofu. Beijing imejengwa juu ya mstari mmoja wa kilomita 7.8 kutoka kusini hadi kaskazini, ukipita katikati ya Mji Haramu, kasri la wafalme wa zamani, na mwaka 2024 mstari wenyewe uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mstari ulikuwa wa serikali, wa ibada, wa familia, wa kila mahali ambapo mtu ana wajibu kwa mwingine. Bustani ndipo ulipokatizwa. Wenye bustani za Suzhou wengi walikuwa maofisa waliostaafu, waliofukuzwa au waliochoka, na walijenga mahali ambapo ile sauti ya cheo haifiki. Louis wa 14 hakuwa na haja ya mahali kama hapo, au tuseme hakuruhusu pawepo. Mstari unaotoka chumbani kwake unapita sebuleni, unashuka ngazi, unapita kwenye maua, majini na msituni. Bustani ni ofisi iliyotolewa nje.

Tangu hapo, nikifika kwa watu wageni, naangalia mstari mnyoofu unaishia wapi. Ni swali linalonisaidia kuliko lile la nani anapenda asili.

Nimezaliwa Unguja, Mji Mkongwe, na nyumba ya bibi yangu ilinipa ufunguo ambao wenzangu wa Ulaya hawakuwa nao. Mlango wake mkubwa wa nakshi ulikuwa wazi mchana kutwa, lakini mpita njia hakuona kitu, kwa sababu ukishaingia unakutana na ukuta na inabidi ugeuke. Baraza ilikuwa ya kila mtu, ukumbi wa baadhi, na ndani kabisa kwa wenyewe. Kwa hiyo ule ujia wa Liu Yuan haukunishangaza kwa kuficha kwake. Nilichokuwa sijakiona popote ni kuficha kunakoendelea hata baada ya mgeni kuruhusiwa kuingia, kuficha kunakofanywa kwa ajili ya mgeni, kama zawadi.

Na Ulaya si kitu kimoja. Nisiposema hili nitakuwa nimewadhulumu. Le Nôtre mwenyewe alijua kuficha. Vaux-le-Vicomte, bustani aliyomfanyia waziri wa fedha Nicolas Fouquet kabla ya Versailles, ukiwa kwenye kasri unaona uwanda mmoja mtulivu mpaka kilimani. Ukianza kutembea, ardhi inakatika na chini yake kuna mfereji mpana wa maji ambao hukuuona kabisa. Nilisimama pale na kumkumbuka mwalimu wangu wa Nanjing. Fouquet alimkaribisha mfalme kwenye sherehe tarehe 17 Agosti 1661, na mwanzoni mwa Septemba akakamatwa, halafu mfalme akawachukua Le Nôtre, msanifu majengo Le Vau na mchoraji Le Brun wakamfanyie kazi yeye.

Waingereza nao wakaja wakang'oa mistari. Karne ya 18 wakaleta maziwa yenye kingo za kujipinda, nyasi zinazoshuka mpaka majini, kundi la miti hapa na hekalu la Kigiriki kule. Wengi huko waliamini wanafanana na Wachina. William Chambers, aliyekuwa amefika Guangzhou kwa safari za biashara, alijenga pagoda kwenye bustani ya Kew, London, likakamilika mwaka 1762. Nimepanda ngazi zake. Lina ghorofa kumi, wakati mapagoda ya China kwa kawaida huwa na idadi witiri. Miaka hiyo hiyo, huko nje ya Beijing katika Yuanmingyuan, mfalme Qianlong alikuwa amekwisha kujengewa na mapadri Majesuti wa Ulaya majumba ya mawe kwa mtindo wa Kimagharibi, yenye chemchemi za kurusha maji. Chemchemi moja ilikuwa na vichwa kumi na viwili vya wanyama, kila kimoja kikitema maji kwa zamu yake kuonyesha wakati. Fikiria: Mwingereza anajenga pagoda, na mfalme wa China anatazama maji yakiruka juu kama Versailles. Kila mmoja alitaka kwa mwenzake kile ambacho kwao hakikuwepo. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliipora Yuanmingyuan, na Waingereza wakaiteketeza. Magofu ya mawe ya yale majumba ya Kizungu ndiyo yaliyosalia zaidi, kwa kuwa majengo ya Kichina yalikuwa ya mbao.

Je, haya yanaonekana kwa watu, siyo kwenye bustani tu? Nitasema nilichokiona mwenyewe, na mwingine ana haki ya kuona vingine. Nanjing, mwalimu akitaka kunikosoa alinikaribisha kwanza chai, akauliza habari za wazazi, akasifu sehemu moja ya mchoro wangu, akazungumzia mchoraji fulani wa kale, na wakati nanyanyuka kuondoka ndipo aliposema sentensi moja ambayo ilikuwa sababu ya kuitwa. Asiyejua atasema anazunguka mbuyu. Ukizoea, unagundua kwamba yale yote ya mwanzo yalikuwa njia ya kukufikisha ukiwa tayari. Ufaransa, msimamizi alilimwaga jambo mezani asubuhi saa mbili mbele ya kila mtu, tukabishana kwa sauti kubwa, na saa sita tukala pamoja bila kinyongo. Alitaka kila mtu alione suala lote, mara moja, kutoka mahali pamoja. Nimefanya kazi kwa raha na wote wawili. Lakini kama ningekuwa na njia moja tu ya kusikiliza, ningemkosa mmoja wao.

Mtu ninayemrudia sana nikiwaza haya ni I. M. Pei. Alizaliwa Guangzhou mwaka 1917, na utotoni akapitisha likizo Suzhou katika Shizilin, bustani iliyokuwa mali ya ukoo wake, ile yenye mawe mengi yaliyopangwa kama mapango na njia za kupotelea. Akaenda Marekani, akawa msanifu majengo. Piramidi ya vioo ya makumbusho ya Louvre, iliyofunguliwa mwaka 1989, ni yake, na ipo kwenye kiini cha Paris ya mistari minyoofu, mbele ya mhimili ambao Le Nôtre aliunyoosha kupitia bustani ya Tuileries. Kasri la Louvre halijalingana sawasawa na mhimili huo, kwa hiyo Pei alisimamisha hapo sanamu ya Louis wa 14 juu ya farasi, kuonyesha mstari unapoanzia. Kisha uzeeni akajenga Makumbusho ya Suzhou, yaliyofunguliwa mwaka 2006, ukuta kwa ukuta na Zhuozheng Yuan. Kule hakutumia mawe ya Taihu. Alichukua mawe yaliyopasuliwa bapa, akayapanga mbele ya ukuta mweupe nyuma ya maji, ukitazama unaona safu za milima katika mchoro wa wino. Kuta za jengo zina kona kali za hesabu, lakini njia inakutembeza kidogo kidogo kama Liu Yuan. Mtu huyu hakulazimika kuchagua, na kazi zake mbili hizo zimenipa ujasiri katika kazi yangu ndogo.

Mwaka jana mama mmoja wa Mbweni aliniita nimtengenezee kiwanja chake. Amestaafu, watoto wapo mbali, na alikuwa na picha ya bustani ya hoteli yenye njia iliyonyooka kutoka getini mpaka barazani, maua kulia, maua kushoto.

"Mwanangu, mimi nataka geti likifunguliwa nimwone anayeingia tangu hatua ya kwanza," alisema. "Nakaa peke yangu."

Sikubishana naye hata kidogo. Hiyo ni sababu nzuri kuliko ya mfalme yeyote. Mbele ya nyumba tuliweka mstari wake: njia moja ya mawe bapa, ukoka pande zote, taa chini, na kiti chake mwisho wa mstari. Upande wa nyuma, ambako hakuna mgeni anayefika bila kukaribishwa, nilimwomba aniachie. Kuna kisima cha zamani, mwembe na ukuta wa jirani. Njia inatoka mlango wa jikoni, inazuiwa na mianzi, inazunguka mwembe, na kisima hukioni mpaka umefika. Nilitembea naye humo kabla fundi hajamwaga zege, nikiweka matofali chini kila aliposimama kupumzika, na pale aliposimama ndipo tulipojenga vibao vya kukalia.

Tuliyobaki nayo ni majani ya mwembe. Anataka kijana anayefagia ayaondoe yote kila asubuhi, na mimi nimemwomba ayaache yale ya upande wa kisima mpaka masika ifike, asikilize kwanza mvua ikinyesha juu yake. Amekubali kusubiri msimu mmoja, kwa sharti kwamba asipopenda, mimi mwenyewe nikafagie.